JINA LAKO NANI?

Somo: Luka 1:57-66



Wale miongoni mwetu waliofundishwa Katekisimu na wazee wa zamani watakumbuka kwamba swali lake la kwanza halikuwa juu ya mbingu, wala juu ya dhambi, wala juu ya amri kumi. Lilikuwa swali fupi ambalo hata mtoto mdogo aliweza kulijibu. Aliulizwa jina lake. Kisha akaulizwa ni nani aliyempa jina hilo. Tulipokuwa watoto tulidhani mwalimu anaanza na maswali mepesi ili tusiogope. Leo, tukiwa watu wazima wenye watoto na wajukuu, tunaona kwamba maswali yale hayakuwa mepesi hata kidogo.

Twataka kusema machache juu ya majina tunayowapa watoto wetu, na juu ya namna tunavyoyapokea majina ya watoto wa wenzetu. Tunasema kwa sababu ya jambo lililotokea katika parishi yetu, nasi hatujivunii jambo hilo. Mama mwenyewe ametupa ruhusa tuliandike, ila ametuomba tusimtaje. Tumetii.

Ilikuwa Jumapili ya ubatizo. Watoto walikuwa 11, na majina yalikuwa yale tuliyoyazoea siku hizi: Glory, Brayani, Princess, Junior, Precious, Goodluck. Watu walipiga vigelegele kwa kila mmoja. Mtoto wa nane aliletwa na mama mmoja anayekaa upande wa Igombe, mfanyabiashara ndogondogo wa dagaa. Kasisi alipomchukua mtoto akawaambia wadhamini wataje jina. Mdhamini akasema kwa sauti, “Makoye.”

Wasukuma wanajua neno hilo, na wasiokuwa Wasukuma wakaelezwa na majirani zao kwa mnong'ono. Makoye ni shida, ni matatizo. Kijana mmoja kwenye mabenchi ya nyuma akasema, “Hizo tunazo za kutosha!” Kicheko kikaanza huko nyuma, kikaja mpaka mbele. Mmoja wetu aliyesimama karibu na birika, mzee wa kanisa, akadhani anasaidia. Akamwinamia yule mama akamwambia, “Mayu, hapa ni kanisani. Mtoto apewe jina jema. Mwite Prince.” Wadhamini wakatazamana. Mama akainamisha kichwa. Kasisi, ambaye kwa makelele yale hakuwa amesikia vizuri, akauliza mara ya pili, na mdhamini akajibu, “Prince.” Basi mtoto akabatizwa, watu wakapiga vigelegele. Mama yake hakupiga.

Baada ya siku ile hakuonekana tena. Ilipopita Jumapili ya tano, wenzetu wawili wa Umoja wa Mama wakaenda kumtazama. Walimkuta anageuza dagaa juani. Aliwakaribisha vizuri, akawapa viti, naye akaendelea na kazi, maana dagaa hawasubiri mazungumzo. Ndipo alipowasimulia. Mume wake alikuwa mvuvi wa dagaa, mmoja wa wale wanaotoka na taa usiku wa giza, mwezi usipoonekana. Usiku mmoja upepo ulichafuka. Mtumbwi ulirudi, yeye hakurudi. Mwili wake ulipatikana siku ya tatu. Wakati huo mama huyu alikuwa na mimba ya miezi sita. Wakiwa katika kilio, mama mkwe wake alimwekea mkono tumboni akasema kwamba aliyemo humo ameona shida pamoja nasi kabla sisi hatujamwona yeye. Huyu ni Makoye. Jina lilitolewa pale, mkekani, mbele ya waombolezaji, na wote wakalikubali.

Kisha mama akasema maneno haya, ambayo wenzetu walituletea kama walivyoyasikia: “Mimi nilileta shida zangu kwa Mungu. Nyinyi mkazizuia mlangoni, mkanipa Prince. Huyo Prince mimi simjui.”

Wapendwa, tulipoyasikia maneno hayo hatukuwa na la kujibu.

MAJIRANI WA ELISABETI

Tusome tena Injili ya Luka, sura ya kwanza. Elisabeti alijifungua mtoto katika uzee wake, na majirani na jamaa walifurahi pamoja naye. Hadi hapo wote walitenda vema. Lakini siku ya nane ilipofika, majirani wale walikuja na jina mfukoni. Walitaka mtoto aitwe Zakaria, kama baba yake. Mama akakataa, akasema ataitwa Yohana. Nao wakashangaa, wakamwambia kwamba katika ukoo wake hakuna mtu mwenye jina hilo. Hawakumwamini, wakamwashiria baba, bubu yule, mpaka alipoomba kibao akaandika.

Angalieni kosa lao. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamekuja kusherehekea, kama sisi Jumapili ile. Kosa lao ni kwamba walifikiri jina ni mali ya wasikilizaji. Walipima jina kwa masikio yao wenyewe: limezoeleka au halijazoeleka, linapendeza au halipendezi. Hawakuuliza limetoka wapi. Nalo lilikuwa limetoka kwa Mungu, kwa kinywa cha malaika, hekaluni, wakati wa kufukiza uvumba.

Maandiko yanatuonyesha majirani wengine pia. Katika kitabu cha Ruthu, Naomi alirudi Bethlehemu akiwa amefiwa na mume na wana wawili. Wanawake wa mji walipomwona wakauliza kama huyu ndiye Naomi. Akawaambia wasimwite Naomi, yaani wa kupendeza, bali wamwite Mara, yaani uchungu. Hatusomi kwamba walimcheka, wala hatusomi kwamba walimkemea kwa kukosa imani. Walimwacha aseme uchungu wake. Na mwisho wa kitabu, mjukuu alipozaliwa, ni wanawake wale wale majirani waliompa mtoto jina, wakamwita Obedi. Huyo ndiye babu yake Daudi. Kwa hiyo majirani wanaweza kumpa mtoto jina. Lakini ni majirani waliokwisha kusikia kilio cha mama.

MAJINA YETU YANASEMA NINI

Sisi tunaokaa hapa Ilemela, kutoka Kirumba na Pasiansi hadi Buswelu, Sangabuye na Kayenze, tumechanganyika makabila mengi, na kila kabila limekuja na majina yake. Tungejifunza mengi kama tungeulizana.

Msukuma anayeitwa Mabula, au dada yake Kabula, alizaliwa wakati wa mvua, maana mbula ni mvua. Jirani yake Mjaluo kutoka upande wa Rorya au wa Kisumu, anayeitwa Okoth, naye jina lake ni la mvua. Hawa wawili wanaweza kukaa miaka 20 katika mtaa mmoja wasijue kwamba wanaitwa jina moja! Otieno alizaliwa usiku, Odhiambo jioni. Limi ni jua. Milembe ni amani. Kulwa na Doto ni pacha, na majina haya yametoka kwetu yakaenea nchi nzima, hata watu wa pwani wanayatumia. Na anayewafuata pacha huitwa Shija. Nyanzala alizaliwa wakati wa nzala, yaani njaa. Mhaya anamwita mwanawe Mugisha, yaani baraka. Watu wa pwani wana Subira, Riziki na Bahati, na wanao pia Tabu, Shida na Mashaka.

Majina haya ni kama kitabu cha kumbukumbu kwa watu ambao hawakuwa na karatasi. Humo yameandikwa mvua, njaa, vita, safari, misiba na shukrani. Anayelicheka jina la Nyanzala anaicheka njaa iliyowaua watu. Na anayelifuta amepasua ukurasa.

Tumkumbuke Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama, si mbali na ziwa letu hili, mwaka 1922. Jina alilopewa kwanza lilikuwa Mugendi, yaani mtembezi. Kisha akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua katika imani ya Wazanaki, kwa sababu alizaliwa wakati wa mvua nyingi. Alipobatizwa katika Kanisa Katoliki tarehe 23 Desemba 1943 akapewa jina la Julius. Hakulitupa Kambarage. Aliyabeba yote mawili mpaka kaburini, na hakuna aliyeona kwamba moja linalipiga vita lingine.

JE, JINA LA NYUMBANI LAFAA KUBATIZIWA?

Swali hili ni la zamani katika Kanisa. Wako wanaosema kwamba Mkristo lazima apewe jina la Biblia au la Kizungu, na kwamba jina la kabila ni la kipagani. Tulipime neno hilo kwa Biblia yenyewe.

Mtakatifu Paulo alikuwa na rafiki aliyeitwa Epafrodito, na jina hilo limetokana na Afrodite, mungu wa kike wa Wayunani. Apolo, mhubiri yule hodari wa Efeso na Korintho, jina lake lilitokana na mungu Apolo. Hatusomi kwamba Mitume waliwaambia wabadilishe. Onesimo lilikuwa jina la kawaida la watumwa, maana yake mwenye kufaa; Paulo hakulifuta, bali katika waraka kwa Filemoni alilichukua jina lile la utumwa akaonyesha kwamba sasa limekuwa kweli. Hata Bwana wetu mwenyewe alipokuja duniani alichukua jina ambalo Wayahudi wengi walikuwa nalo. Katika Wakolosai 4:11 tunamkuta mtu mwingine aitwaye Yesu, ambaye pia aliitwa Yusto.

Katika historia ya Kanisa letu la Anglikana tunamkumbuka Samuel Ajayi Crowther. Alikuwa Myoruba, akauzwa utumwani akiwa kijana, akaokolewa baharini na kupelekwa Sierra Leone. Huko alibatizwa tarehe 11 Desemba 1825, akapewa jina zima la kasisi mmoja wa London, Samuel Crowther. Mwaka 1864 akawekwa kuwa Askofu wa kwanza Mwafrika katika Kanisa la Anglikana. Lakini Ajayi, jina ambalo Wayoruba humpa mtoto aliyezaliwa kifudifudi, halikupotea; hata leo Kanisa linamtaja kwa jina hilo pia. Na mashahidi wa kwanza wa Uganda, waliouawa Busega tarehe 31 Januari 1885, twawajua kwa majina mawili mawili: Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama. Jina la nyumbani na jina la ubatizo viliingia motoni pamoja.

Lakini tusije tukaanguka upande wa pili. Mwaka 1972 huko Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Rais Mobutu aliwaagiza wananchi waache majina yao ya ubatizo na kuchukua majina ya Kiafrika tu. Yeye mwenyewe aliacha kuitwa Joseph-Désiré. Kardinali Malula wa Kanisa Katoliki alipinga, ikambidi akae Roma kwa muda. Hapo tunaona kwamba kumlazimisha mtu aache jina ni dhuluma ileile, awe analazimisha mmishenari au awe analazimisha rais, awe analazimisha mzee wa kanisa kando ya birika. Uhuru wa mzazi kumpa mtoto wake jina ni kitu kikubwa.

UPEPO WA NYAKATI

Wengine watasema, “Basi mnatetea majina ya kabila, na haya mapya mnayachukia.” La hasha. Kila kizazi kina majina yake. Yule aliyekuwa kiongozi wa Kenya, Uhuru Kenyatta, alizaliwa Oktoba 1961, miaka miwili kabla nchi yake haijapata uhuru. Wazazi wake waliliita tumaini kabla halijafika. Novemba 2008, Barack Obama aliposhinda uchaguzi wa Marekani, watoto kadhaa waliozaliwa Kisumu waliitwa Barack na Michelle. Naye alipokuja Kenya Julai 2015, magazeti yalitoa habari ya mtoto aliyepewa hata jina la ndege yake! Watu walicheka sana. Lakini Mabula na ndege ile vina asili moja: mzazi ameona jambo kubwa limepita juu ya nyumba yake siku ile, akataka mtoto alikumbuke.

Na kuna jambo la kuchekesha kidogo. Tunamjua babu mmoja aitwaye Yohana. Mtoto wake ni John. Wajukuu wake ni Ivan na Sean, majina waliyochaguliwa na mama yao kwa kuwa ni mapya, tena hayapo katika ukoo. Hakuna aliyewaambia kwamba wote wanne wanaitwa jina moja! Yohana, John, Jean wa Wafaransa, Ivan wa Warusi na Sean wa Waairishi ni neno lilelile la Kiebrania, kwamba Bwana amefadhili. Tulikimbia mbali tukajikuta nyumbani kwa Elisabeti.

Hatuyalaumu majina ya Kiingereza, Happyness, Witness, Godlisten na mengineyo. Mengi ni sala za wazazi, ingawa Mwingereza mwenyewe akiyasikia hushangaa. Tunachouliza ni kimoja tu: je, umelichagua kwa sababu linasema jambo, au kwa sababu ulimsikia mtu katika televisheni ukaona aibu kwa jina la bibi yako? Aibu haifai kuwa mdhamini wa mtoto.

JINA LA UCHUNGU

Sasa turudi kwa Makoye, maana hapo ndipo penye swali gumu. Je, ni vema mtoto abebe jina la shida maisha yake yote?

Tumtazame Yabesi, katika 1 Mambo ya Nyakati 4:9-10. Mama yake alimwita hivyo kwa sababu alimzaa kwa huzuni. Jina lake lilikuwa jina la uchungu, kama Makoye. Na Biblia inasema mambo mawili juu yake: aliheshimiwa kuliko ndugu zake, na alimwomba Mungu ambariki, aipanue mipaka yake, awe pamoja naye, na amwepushe na mabaya ili yasimhuzunishe. Mungu akampa aliyoyaomba. Hakumwambia, “Kwanza kabadilishe jina ndipo uje.” Alimsikia akiwa Yabesi. Na huenda asingeomba kwa bidii ile kama jina lake lisingemkumbusha kila siku.

Tumtazame Rahel akifa njiani kwenda Efrathi. Alimwita mtoto Benoni, mwana wa huzuni yangu. Lakini Yakobo akamwita Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Hapa jina la uchungu lilibadilishwa, tena halikubadilishwa vibaya. Mtu aweza kutuuliza: Yakobo alifanya tofauti gani na yule mzee wetu? Tofauti ni kubwa. Yakobo alikuwa baba wa mtoto, na kaburi lile lilikuwa la mke wake. Alibadilisha jina akiwa analia. Sisi tulibadilisha tukiwa tunacheka.

Na watazameni watoto wa Hosea. Mmoja aliitwa Lo-ruhama, asiyehurumiwa. Mwingine Lo-ami, si watu wangu. Yalikuwa majina mazito kwa mtoto kuyabeba akitumwa dukani. Lakini katika sura ya pili Mungu anamhurumia yule asiyehurumiwa, na wale wasio watu wake anawaita watu wake. Anayageuza majina kwa kutenda, wala si kwa kuyafunika. Hiyo ndiyo njia ya Mungu na shida zetu. Haoni haya kuyasikia majina yake. Anaingia ndani yake.

Hata hivyo tuseme na upande wa pili kwa unyofu. Kuna majina ya uchungu, na kuna majina ya ugomvi. Mzazi anayemwita mtoto wake jina la fumbo ili kumsuta mke mwenzake, au wifi yake, au jirani wa ukuta kwa ukuta, amemfanya mtoto kuwa fimbo. Ugomvi ule utakwisha, maana hata wagombanao huzeeka. Mtoto atabaki nao katika cheti chake. Na katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, mama aliyepoteza watoto wengi alimwita anayefuata Jalala au jina jingine la dharau, ili mauti yamwone hana thamani yampite. Hatumcheki mama huyo. Hofu yake twaielewa. Lakini tunamwambia kwa upole: Mkristo hana haja ya kumficha mtoto wake. Katika Isaya 49:16 Mungu anasema amewachora watu wake katika vitanga vya mikono yake. Aliyechorwa hapo hatapotezwa na jina zuri.

BASI TUFANYEJE?

Kwanza, tuulize kabla hatujacheka. Ukisikia jina geni, sema, “Jina hilo lina habari gani?” Mara nyingi utasimuliwa jambo ambalo usingelisikia mwaka mzima wa kuamkiana njiani.

Pili, wazazi, mkae na jina kabla ya kulileta. Litamkeni kama atakavyolitamka mwalimu darasani, kama litakavyoitwa hospitali, kama litakavyosomwa siku ya ndoa. Mtoto ndiye atakayelijibu. Na mkija kwa maandalizi ya ubatizo, mwelezeni kasisi au mwinjilisti maana yake mapema, ili lisiwe jambo la kuamuliwa mbele ya watu.

Tatu, wadhamini, kazi yenu si kushika mshumaa na kupigwa picha. Jina la mtoto linatoka kinywani mwenu. Mkikubaliana na wazazi jina, lisemeni hilo, hata kama kanisa zima linacheka.

Nne, ni jambo la karatasi, lakini karatasi huumiza. Jina liandikwe namna moja katika kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha kuzaliwa cha RITA na shule. Tunamjua kijana aliyebatizwa Yohana, akaandikishwa shule John, na cheti chake cha kuzaliwa kikasema Joni. Alipokwenda kuomba kitambulisho cha Taifa akaonekana watu watatu, ikambidi aende kwa wakili kula kiapo na kulipa fedha, ili athibitishe kwamba yeye ni yeye. Wazazi, msimwachie mtoto deni hilo.

Tano, na hili ni letu sote: tukimkosea mtu kwa jina lake, twende tukaombe radhi. Ndivyo ilivyotupasa kufanya.

Kasisi alikwenda, na yule mzee wa kanisa akaenda pamoja naye. Mzee alipofika hakungoja kiti. Alisema, “Mayu, tulikosa.” Mama alinyamaza kitambo, kisha akawaletea maji ya kunywa. Kasisi alimweleza kwamba ubatizo haurudiwi; mtoto amekwisha kuwa wa Kristo, na hakuna kicheko kinachoweza kuliondoa hilo. Lakini jina aweza kuliandika. Siku hiyohiyo, kwa mkono wake, aliandika katika kitabu cha ubatizo jina la Makoye pamoja na lile jingine. Mama akauliza kama sasa lazima aache kumwita Prince. Akaambiwa achague mwenyewe. Kasisi akamwambia pia kwamba, kusema kweli, jina lile halikuwa na uongo ndani yake: kila abatizwaye ni mtoto wa Mfalme. Kosa letu lilikuwa kumpa ufalme kwa kumnyang'anya kilio chake, wakati Kristo huvishika vyote viwili, taji na miiba.

Tungependa kuwaambia kwamba alirudi Jumapili iliyofuata. Hakurudi. Alirudi baada ya miezi mitatu, akakaa benchi la mwisho, na bado anakaa hapo. Hatumsogezi.

Mtoto sasa anaingia shule ya Jumapili. Siku yake ya kwanza mwalimu alimuuliza jina lake nani. Akajibu kwa sauti, “Makoye!” Tulikuwa tumesimama dirishani, tukangoja. Hakuna mtoto aliyecheka. Mwalimu akamwambia akae karibu na Glory, naye akaenda akakaa. Ndipo tulipojua kwamba watoto hawacheki jina la mwenzao mpaka watuone sisi tunacheka.

Ndugu wapendwa, Mchungaji Mwema huwaita kondoo wake kwa majina yao, tena kila mmoja kwa lake. Na katika Ufunuo 2:17 ameahidi kumpa yeye ashindaye jiwe jeupe, lenye jina jipya ambalo hakuna alijuaye ila yeye alipokeaye. Siku ile Yabesi na Makoye, Nyanzala na Tabu, Prince na Precious, watasikia wanavyoitwa na Yeye ajuaye habari yote ya jina. Mpaka siku hiyo, tuitane kwa heshima.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetujua kabla hatujapewa majina, utusamehe vicheko vyetu. Uwasikie mama wanaoleta shida zao mlangoni pako, wala usituache tuwazuie. Uwalinde watoto wetu kwa majina yote waliyopewa, na uyaandike katika kitabu cha uzima. Kwa jina lipitalo majina yote, Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.